Kuondoa namba za faksi kwenye kitabu cha anwani cha Outlook

Ukibofya "To" katika Outlook ya Windows (ile ya kawaida, si toleo jipya), utakuta mtu mmoja ameorodheshwa mara mbili au tatu: mara kwa barua pepe yake, mara kwa "Business Fax". Chanzo ni kwamba Outlook huhesabu namba ya faksi kuwa anwani ya kupelekea ujumbe, sawa na barua pepe. Ukiichagua kwa haraka na kompyuta haina huduma ya faksi, ujumbe hautafika. Usipoteze muda kutafuta kitufe cha kuzima hali hii kwenye mipangilio, kwa sababu hakipo. Inabidi namba yenyewe ishughulikiwe.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala: File, Open & Export, Import/Export, kisha hamishia kadi zote za anwani (Contacts) kwenye faili la .pst, yaani faili la data la Outlook.

Njia tunayoipendekeza ni kutanguliza neno mbele ya namba. Badala ya 022 na tarakimu zinazofuata, andika "Faksi 022…". Outlook ikikuta herufi haiioni tena kuwa namba halali ya faksi, na jina la ziada hutoweka, ilhali wewe bado unaisoma namba kwenye kadi. Jaribu kwanza kadi moja, uhifadhi, kisha fungua kitabu cha anwani uhakikishe.

Kadi zikiwa nyingi, usifungue moja moja. Nenda People, View, Change View, chagua "Phone". Fungua View Settings, kisha Other Settings, na utie tiki kwenye "Allow in-cell editing". Bofya kichwa cha safu ya Business Fax ili wenye namba wajipange pamoja, halafu hariri ndani ya safu hiyohiyo. Home Fax na Other Fax nazo huleta majina ya ziada, kwa hiyo ongeza safu zake. Wengi huzisahau, wakadhani njia imeshindwa.

Kama namba hizo husomwa na simu au programu nyingine inayopiga moja kwa moja, lile neno la mbele litaivuruga. Hapo ihamishie namba kwenye sehemu ya simu iitwayo "Other", uiache sehemu ya faksi tupu.

Wapo wanaoficha folda nzima ya kadi: bofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, Outlook Address Book, ondoa tiki. Hii inafaa tu kwa folda ya kadi zisizo na barua pepe, maana huficha kila kitu kilichomo.

Jina la faksi likiendelea kujitokeza unapoandika, hilo linatoka kwenye orodha ya mapendekezo. Bofya alama ya X iliyo kando yake. Kagua pia vikundi vya anwani. Kikundi hutunza nakala yake, hivyo faksi iliyoingizwa humo zamani itabaki hadi uiondoe kwa mkono.