Kusoma takwimu za joke mbele ya kubetia farasi

Bandugu ba Lubumbashi benye munachezaka kurse za Ufaransa ku telefone, muache kuchagua joke (mwenye kupanda farasi) juu ya jina tu. Soumillon ao Guyon ni bakali, kila mutu anajua, njo maana kote yao (mara ngapi makuta yako inarudia ukishinda) inashukaka mbio.

Chukua kurse zenye joke alishinda, gawanya na zenye alipanda. Alipanda 100 akashinda 20, ni 20%. Sasa linganisha na kote: ya 5 inaomba 20% ili usipoteze, ya 3 inaomba karibu 33%, basi huyu joke kwa 3 unatupa makuta, isipokuwa farasi yenyewe iko na nguvu kupita zile anapandaka siku zote, na hapo njo batu bengi banajidanganya, banaona 20% sawa vile ni ya ile farasi ya leo. Mwenye alipanda 6 tu akashinda 3? Bado, ni kidogo sana.

Mimi naangaliaka zaidi joke na antrenere (mwenye kufundisha farasi) pamoja. Antrenere akiondoa joke wa kawaida akaweka mukali, kuna kitu.

Usichanganye Longchamp na Vincennes, viwanja bibili bya kurse kule Paris. Kule Longchamp ni galopu ya plati (bila vizuizi) ku majani, Vincennes ni troti (farasi inakimbia bila kupiga galopu), mara mingi draiva anakaa ku kagari ka nyuma, takwimu zake ni zingine kabisa. Mu muziki ya farasi (mustari wa matokeo yake ya kurse za nyuma), "p" ni plati, "a" ni kagari.

Na mbele ya kulipa, hakikisha joke habakumubadilisha asubuhi.