Kikundi cha ushonaji cha watu wenye ulemavu: kianzishe hivi kisife baada ya mkopo

Wanaokuja kwenye kibanda changu hapa Masasi huwa na swali moja: "Mama Fundi, ile asilimia mbili tunaipataje?" Nami huwauliza kwanza wanajua kufanya nini. Wapo wanaonuna. Wanadhani nawazungusha.

Asilimia mbili yenyewe ni hii. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne za wanawake, nne za vijana, mbili zetu sisi wenye ulemavu. Jambo hili liliingizwa kwenye sheria mwaka 2018. Mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa, ikarudi 2024. Kipindi kile ndicho kilichonifundisha kutofautisha vikundi. Vilivyokuwa vimekusanyana kungoja hela vilipotea, hata katiba zao hujui ziko wapi. Sisi tulikuwa na vitenge vya watu mezani, tukaendelea kushona.

Kwa hiyo anza na ujuzi. Serikali ina vyuo vya ufundi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu: Yombo kule Dar es Salaam, Sabasaba Singida, Luanzari Tabora, Masiwani Tanga, Mirongo Mwanza, na Mtapika hapa hapa kwetu Masasi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, uliza nafasi hutangazwa lini na fani zipi zipo. Uliza pia vyoo na mabweni yakoje, maana ngazi tatu tu zinaweza kukufukuza chuoni kuliko ada. Kama ufundi ulishaupata kwa kukaa na fundi mtaani, usirudie darasa la kwanza: VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ukifaulu unapewa cheti. Cheti hicho kina kazi yake, nitakifikia.

Fani ichaguliwe na mwili wako pamoja na soko lako, si na mjomba. Mimi miguu yote miwili ilikwenda na polio, na watu waliniambia cherehani si yangu kwa sababu ya kanyagio. Kuna njia tatu. Ukiwa na mguu mmoja wenye nguvu, kanyagio husukumwa na mguu huo huo. Sogeza kiti upande wake usije ukaumia kiuno. Miguu yote ikiwa dhaifu, ipo cherehani ya mkono: mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa. Inafaa kujifunzia na kwa viraka, ila shingo ya gauni itakutesa. Ya tatu ndiyo ninayotumia: cherehani ya kawaida iliyofungwa mota, na kile kikanyagio kidogo cha umeme kikapandishwa juu ya meza, nakibonyeza kwa kiwiko. Fundi wa cherehani anakufungia siku hiyo hiyo. Mwambie akibane kwa skrubu, kisiteleze. Na ile cherehani ya mkono usiiuze, umeme ukikatika utaitafuta.

Sasa watu. Kanuni zilipunguzwa masharti mwaka 2021: kwa watu wenye ulemavu, wawili wanatosha kuomba, hata mtu mmoja anaweza. Msijazane basi kwa kuogopa idadi. Kwetu tuna wanaokata, wanaoshona, na mwenzetu asiyeona anayefuma mikeka na kusimamia mauzo, kwa sababu hakuna mteja anayemzungusha. Tunaye pia kijana kiziwi, na huyo ndiye mkataji bora. Mkasi wake hauna mzaha.

Kikao cha watu mchanganyiko kama sisi kina adabu zake. Kila anayetaka kusema anataja jina lake kwanza, ili asiyeona ajue ni nani. Asemaye aelekee alipo kiziwi, asizibe mdomo kwa mkono, na mwenye kujua lugha ya alama akae mbele kwenye mwanga. Msijibizane wawili kwa pamoja. Hela inahesabiwa kwa sauti, inapita mkononi mwa asiyeona naye ahesabu, kisha jumla inaandikwa kwa chaki ukutani. Inachukua muda, ndiyo. Lakini hatujawahi kusikia mtu akisema "mimi sikujua".

Hisa wekeni kila wiki hata kama ni ndogo, kama wafanyavyo VICOBA, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Mfuko wa jamii uwe pembeni, kwa msiba, ugonjwa na matengenezo ya baiskeli za magurudumu matatu, maana mwenzenu akipasukiwa mpira hafiki kazini. Asiyeona tunamfungia fundo kwenye kamba yake kwa kila hisa. Anaishika mwenyewe nyumbani na hesabu haigombewi.

Karatasi ziko nyingi ila si ngumu. Andikeni katiba fupi na muhtasari wa kikao cha kuanzisha, mkachukue barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaongoza kwenye usajili, akaunti ya benki, na maombi yanayojazwa kwenye mfumo wa kompyuta. Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ziwe tayari. Ofisi ikiwa ghorofani, mwombeni afisa ashuke. Ni haki yenu, msione haya.

Mkopo ukija, kaeni chini mtazame kalenda kabla ya kununua chochote. Hapa kwetu hela inaonekana korosho zikianza kuuzwa mnadani kuanzia Oktoba. Wakati huo kila mtu anataka kushonewa, na mwezi wa kumi na mbili kuna sare za shule za Januari. Shule zikifungwa kuna unyago na jando, kina mama wanataka sare za kitenge, tena kwa haraka. Baada ya hapo, masika, ni viraka na zipu. Rejesho la mkopo halijui masika. Sisi tunaweka marejesho ya miezi ile mibaya wakati wa korosho, kwenye akaunti, yasiguswe hata kwa harusi. Kitu cha kwanza kununua kiwe ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, si cherehani ya sita: bila ovaloki, shule haipokei sare zenu. Majora ya kitambaa cha sare nunueni mapema, kabla mafundi wote wa mji hawajakimbilia rangi ile ile.

Kisha tafuteni oda kubwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, nasi tumo. Mashuka ya hospitali na mapazia ya ofisi ni kazi ya mshono ulionyooka. Kikundi kijisajili kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali. Hapo ndipo cheti cha VETA kinaposaidia, mtu asiyewajua anapouliza kama kweli ni mafundi.

Na wateja wa mtaani, chukueni nusu ya hela kabla ya kukata kitambaa, bila kumwonea mtu haya. Watakuja na maneno: "Fundi, jamani, si unanijua?" Nami hujibu, nakujua mwanangu, na mama yako namjua, ndiyo maana nataka nusu.