Maji yaliyolala bombani: kuchota sampuli kwenye piezometa

Vijana wanaoanza kazi hii ya kuchota maji ya piezometa, yaani visima vyembamba vya bomba vya kupimia maji ya ardhini, hapa Lubumbashi huniuliza kwanza habari za mashine. Mimi huwauliza watakianzia kisima gani. Anza na kile unachokiona kisafi, umalizie na kile unachokishuku. Ukigeuza, kamba na pampu vitabeba uchafu wa cha kwanza mpaka cha mwisho, hata kama umeviosha.

Fungua kifuniko, shusha kipima-kina, andika kina cha maji kabla hujatia kitu kingine. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji. Yakiwa mita 6, ni lita 12. Zidisha mara tatu, lita 36. Hizo zote ni za kutoa. Maji yaliyolala bombani yameshagusana na hewa, hayana tena habari za ardhini. Usiwe na pupa: nusu lita kwa dakika, na ukiona maji yanashuka kisimani zaidi ya sentimita 10, punguza mwendo. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya saa moja. Tafuta kivuli.

Siku moja pembeni mwa Kampemba, hapa mjini, mama mmoja alisimama na bidoni yake ya njano akitutazama tunavyojaza pipa. "Baba, mayi inaenda bule hivi? Unipatie ata bidoni moja." Sikumpa. Nilimweleza kwamba hayajapimwa, akaondoka hajaridhika. Tangu siku ile natembea na bidoni mbili za maji ya kunywa garini.

Kila dakika 5 andika pH (kipimo cha uasidi), joto na upitishaji umeme. Vipimo vitatu mfululizo vikikaribiana, pH isizidi tofauti ya 0.1 na upitishaji asilimia 3, ndipo unavaa glavu mpya na kushika chupa.

Sasa chujio, maana hapa ndipo nilipoaibika. Ukitafuta metali zilizoyeyuka, maji yapite kwanza kwenye chujio la mikroni 0.45, halafu ndipo utie asidi ya nitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka, mvua ya Januari inakuja, nikatia asidi kwanza. Maji yalikuwa na tope jekundu. Asidi ikaitafuna ile tope ndani ya chupa, na maabara ikarudisha shaba na chuma vya kutisha. Udongo wetu una shaba yake wenyewe. Nilikuwa nimepima udongo, huku nimeandika jina la kisima. Tulirudi kuchota upya, mafuta ya gari juu yangu.

Chupa ya naitrati ni nyingine: usiitie asidi hiyo, kwa sababu asidi ya nitriki yenyewe ina naitrati. Iweke kwenye barafu, karibu nyuzi 4, iwahi maabara ndani ya saa 48.

Lebo andika chupa ikiwa kavu, kwa kalamu isiyofutika.

Chupa moja zaidi ijaze maji safi ya maabara palepale kisimani, uyachuje na kuyatia asidi kama mengine. Wengi huiruka wakiona ni hasara. Lakini mwezi wa Julai, lori likipita na vumbi likikufunika mpaka kope, hiyo ndiyo itakayokuambia kama shaba imetoka chini au imetoka barabarani.