Kusikiliza taarifa ya habari kama Nehemia

Kabla ya kuwasha redio, jua unamuulizia nani. Katika Biblia, Nehemia alikuwa Myahudi aliyemtumikia mfalme wa Uajemi huko Shushani. Nduguye Hanani alipofika kutoka Yuda, Nehemia ndiye aliyeanza kumuuliza habari za Wayahudi waliosalia na za Yerusalemu. Kwenye jumuiya yetu hapa Babati tunachagua watu wa mahali pamoja wa kuwabeba kwa maombi, na taarifa ya saa mbili usiku tunaisikiliza kwa ajili yao. Nyingine utazisikia tu. Huwezi kulia kila msiba wa dunia, wala Mungu hakukuagiza.

Ikiisha, zima. Nehemia alipata habari mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba. Kwa mfalme alikuja kusema mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Sisi tunasambaza hata hatujamaliza kusoma!

Desemba 3, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh, idadi ya waliofariki ilibadilika siku hadi siku. Kwa hiyo usitume idadi bila kutaja nani kaitoa na lini. Picha ya maiti usiitume kabisa, hata ukiombwa. Yule ni mama wa mtu, na huenda mwanawe bado hajaambiwa.

Akitokea wa kuuliza marehemu walikuwa na dhambi gani, mfungulie Luka 13. Yesu aliletewa habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Hapo mimi sikubali mjadala. Mfiwa haongezewi mzigo kwa jina la Bwana.

Kwenye maombi, taja mahali. “Tuwaombee wenye shida” inapita masikioni. Sema “waliopoteza nyumba kijiji cha Gendabi, Hanang,” na utaona mtu anauliza blanketi zipelekwe wapi. Nehemia naye, baada ya kuomba, alimdai mfalme barua za kupita na mbao za malango, akaijenge upya Yerusalemu. Weka kikapu cha unga na maharage palepale mnaposalia, kabla watu hawajatawanyika.

Kisha andika jina la mahali hapo kwenye daftari la jumuiya. Redio ikishaacha kuwataja, mpigie katekista wa huko umuulize: watoto wamerudi shule? Maji mnachota wapi sasa?