Unakarabati bafu la wazazi Mbeya ukiwa mbali? Maliza mabomba kwanza, tailizi baadae

Ndugu zangu mlioko nje ambao mnatuma hela za kukarabati bafu nyumbani, iwe Mbeya, Iringa, Njombe au kule Tukuyu, naomba niwaambie jambo ambalo mimi nimelijua kwa gharama kubwa. Hela zetu na mawazo yetu yote huwa tunapeleka kwenye tailizi na sinki zuri maana ndo vinavyoonekana kwenye picha za wasapu, ila kinachofanya bafu lifanye kazi kiko ukutani na chini ya sakafu, na kikishafunikwa wewe uko Leicester huna namna ya kujua kama kimefungwa vizuri mpaka siku maji yatokee chumba cha pili.

Mama yangu anakaa Uyole, hapo Mbeya. Bafu la kwanza nilimtengenezea nikiwa huku, fundi alinitumia picha tailizi za kijivu zinang'aa, nikamaliza kumlipa siku ileile. Nilivyoenda likizo asubuhi ya kwanza tu nikamkuta mama ameinama na dekio anavuta maji kutoka kwenye kona ya mlango kuyapeleka kwenye tundu, nikamuuliza mama vipi tena, akasema mwanangu ndo hivyo kila nikioga, nimeshazoea. Miezi saba alikuwa hajaniambia maana aliogopa ntaumia kwa ile hela. Tundu la maji lilikuwa juu kuliko mlango. Halafu ukuta wa chumbani kwake ule ulio nyuma ya shawa rangi imetoa malengelenge, ukiweka kiganja unasikia unyevu. Tukavunja kila kitu tukaanza upya, na haya ninayoandika ni ya mara ya pili.

Kabla hujaongea bei na fundi yeyote omba mchoro, hata wa mkono kwenye karatasi ya daftari, unaoonyesha choo kinakaa wapi, shawa wapi, beseni la kunawia wapi, bomba la maji safi linaingilia wapi na maji machafu yanatokea upande gani kwenda kwenye chemba, yaani lile shimo dogo la nje lenye mfuniko ambapo mabomba ya maji machafu yanakutana. Ukiweza choo kiache pale pale kilipokuwa. Kuhamisha beseni au shawa ni kazi ndogo kwasababu bomba lake la kutolea maji ni la inchi moja na nusu au mbili, ila choo kinataka bomba la inchi 4 na mteremko wake, sasa ukikihamishia ukuta wa pili unavunja sakafu nzima na pengine chemba inakuwa juu kuliko bomba, hapo ndo bajeti inapoanza kukimbia.

Mteremko wenyewe ni sentimita 2 kwa kila mita moja ya bomba. Bafu langu lilikuwa na mita 3 na nusu mpaka kwenye chemba, kwahiyo bomba linatakiwa lishuke sentimita 7, na hilo unalipima kwa kamba na pima maji, mwambie fundi akupigie vidiokoli akiwa ameweka pima maji juu ya bomba kabla ya kumwaga zege. Na sakafu yenyewe pia iteremkie kwenye tundu, kutoka pande zote.

Kwenye tundu la shawa hakikisha kuna trapu, yaani ile sehemu inayobaki na maji kidogo kuzuia harufu ya shimo isipande. Kuna mafundi wanaunganisha bomba moja kwa moja mpaka kwenye chemba, halafu mzee anaanza kulalamika bafu jipya linanuka na mnaanza kununua dawa za kumwaga. Na bomba la kupumulia ni lazima, lile linalopanda juu kupita paa, bila hilo ukivuta choo maji ya kwenye trapu yanaweza kufyonzwa yote na harufu inapata njia.

Sasa kuna kipimo kimoja nataka ukishike kwa mkono. Vyoo vingi vya kukaa ambavyo uchafu wake unatokea chini sakafuni vinataka katikati ya tundu liwe sentimita 30 kutoka ukutani. Ukuta upi? Ukuta uliokwisha, wenye plasta na tailizi. Fundi wetu wa kwanza alipima kutoka kwenye tofali tupu, plasta na tailizi zikala karibu sentimita 3, choo kilivyokuja tanki likagonga ukuta na ikabidi wakisogeze mbele kwa kulazimisha, kikawa kinavuja chini kila kikivutwa. Kwahiyo nunua choo na mixa ya shawa, yaani ile koki inayochanganya maji ya moto na ya baridi, kabla bomba halijalazwa, vikae saiti, fundi apimie kitu chenyewe. Mixa ya ukutani nayo matundu yake mawili yanaachana sentimita 15, maji ya moto yanakaa kushoto.

Tuje kwenye maji ya moto maana kwetu kule nyanda za juu hili sio anasa, Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe ndo kabisa, na mwezi wa sita na wa saba maji yaliyolala kwenye tanki nje usiku kucha mtu mzima hawezi kuyaoga. Wengi wetu tunafikiria ile shawa ya umeme ya kuchemsha papo hapo. Sio mbaya lakini fanya hesabu. Shawa ya kilowati 5 na nusu, maji yakiingia na nyuzi 15 na wewe unataka 40, itakupa kama lita 3 kwa dakika basi, uzi mwembamba. Inakula kama ampea 24, kwahiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, mimi niliweka wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32, na waya wa erthi uliopimwa na fundi umeme, sio fundi bomba. Tafadhali kwenye erthi usikubali maneno ya usijali bosi, ni mzazi wako amesimama hapo kwenye maji.

Na kuna presha. Kila mita moja ya urefu kati ya maji ya tanki na kichwa cha shawa inakupa sehemu moja ya kumi ya baa, baa ndo kipimo cha presha. Watu wanaweka simtanki kwenye mnara wa mita 3 wanaona ni juu sana, lakini kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka chini, tanki likikaribia kuisha inabaki mita moja tu, na shawa nyingi za umeme hapo zinaweza zisiwake kabisa. Ama unapandisha mnara, na kumbuka lita 1,000 ni tani moja nzima kwahiyo huo mnara uwe na nondo za kweli, ama unaweka pampu ndogo ya kusukuma. Mimi kwa mama mwishowe niliweka boila ya lita 50 ya kuhifadhi, inachukua saa moja na kitu kuchemka, umeme ukikatika jioni bado ana maji ya moto. Boila lazima iwe na valvu ya usalama ya kutoa presha na kabomba kake ka kutolea maji, ukiona fundi ameiziba kwasababu inadondosha matone mwambie aizibue siku hiyohiyo, hiyo ndo inazuia boila isipasuke.

Mabomba ya maji safi siku hizi ni PPR, yale yanayounganishwa kwa kuchomwa na mashine. Ya moto na ya baridi sio sawa, yamechapwa pembeni daraja la presha, PN20 kwa ya moto na PN16 au PN10 kwa ya baridi, muombe mtu wako saiti apige picha hayo maandishi kwa karibu kabla hela ya duka haijatoka. Ya kuchoma nayo ina ufundi wake, fundi akilishikilia kwenye moto sana plastiki inavimba ndani na tundu linabaki dogo, ukuta mzuri nje maji yanatoka kama machozi. Na kila bafu liwe na koki yake ya kufungia sehemu inayofikika, siku bomba likivuja sio nyumba nzima ikae bila maji.

Halafu sasa ile sehemu ambayo ningeijua mapema nisingevunja bafu mara mbili. Mabomba yakishalazwa, kabla ya plasta, yanapimwa presha. Wanaziba midomo yote, wanafunga pampu ya mkono yenye geji, wanajaza. Sisi tulipandisha mpaka baa 8. Lisaa la kwanza sindano itashuka kidogo maana plastiki inatanuka, wanaongeza, ndo mnaanza kuhesabu. Mdogo wangu alinitumia picha ya geji saa kumi na mbili jioni na nyingine saa moja asubuhi, sindano iko palepale, nikatuma hela ya plasta. Bomba la maji machafu mnafunua chemba, mmoja anamwaga ndoo nzima bafuni mwingine amesimama chemba anaangalia maji yanafika yote na kwa haraka. Na baada ya kupaka wotaprufu, ile dawa ya kuzuia maji yasipenye, kwenye sakafu, ziba tundu, jaza maji kidogo yakae siku nzima, angalia chini na ukuta wa pembeni.

Malipo nayafunga hapo hapo. Vifaa nalipa dukani moja kwa moja kwa simu, niliyenunua kwake yuko Mwanjelwa, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inakuja kwa picha. Ufundi nalipa kwa hatua, na hatua haijaisha mpaka kipimo chake nimekiona. Fundi mzuri hachukii, wa mara ya pili kijana aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA alifurahi maana hakuna aliyekuja kumlaumu baadae. Ndugu yako anayesimamia nae mpe posho yake ya wazi usimfanye akae saiti bure wiki tatu halafu ulaumu. Na panga kazi kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, kwa Tukuyu ndo usijaribu masika kabisa, kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka na shimo la kunyonyea ukilichimba kipindi hicho linajaa maji ya ardhini kabla hujalitumia. Wiki hizo mzazi ataoga wapi pia lipange mapema, sisi tulimuombea kwa jirani.

Siku ya kulaza mabomba mwambie mtu wako apige picha kila ukuta na futi imenyooshwa kutoka kwenye kona mpaka kwenye bomba, namba zisomeke. Zangu nilizichapisha zipo kwenye droo la mama pamoja na hati ya kiwanja, na mwaka jana alivyotaka kutundika kioo kipya fundi alizitoa kwanza, akatoboa sentimita 12 pembeni ya bomba la moto.