Kanuni mpya inakuja? Hivi ndivyo unavyopima itamgharimu nani na pesa ngapi

Naandikia watu wa aina mbili. Kuna ofisa ambaye bosi amemwambia "andaa taarifa ya athari za hizi kanuni, tunaitaka Ijumaa" na hajawahi kuona hata moja. Alafu kuna katibu wa chama, iwe cha boda, cha mama samaki au cha wakulima wa miwa kule Mumias, amesikia kuna kanuni zinapikwa na anataka kujua serikali imezipima aje. Kazi ni ile ile, tofauti ni upande wa meza umekalia.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ni wa kubuni na hesabu zake pia ni za mfano, usiende kuzinukuu mahali. Tuseme wizara inataka kila mtu anayesafirisha samaki wabichi wa kuuza awe na boksi la barafu lenye kifuniko, na achukue kibali cha shilingi 500 kwa mwaka. Kwa karatasi inakaa poa sana, nani atapinga samaki wasafi?

HATUA YA 1: Jua sheria inakudai nini

Sheria yenyewe hapa Kenya ni Statutory Instruments Act, Namba 23 ya 2013, ile inasimamia jinsi mawaziri na mashirika ya serikali wanatunga kanuni. Kifungu cha 6 kinasema kanuni ikielekea kuleta gharama kubwa kwa jamii, au kwa sehemu ya jamii, lazima taarifa ya athari iandaliwe kabla kanuni haijatungwa. Hapo kwa "sehemu ya jamii" ndio watu huruka. Hauwezi kusema gharama ni ndogo ati kwa sababu ukigawanya kwa Wakenya wote inatoka senti kadhaa, kama ni wauza samaki wa ziwa peke yao wanabeba mzigo wote basi hao ndio unapima.

Kifungu cha 7 ndicho kinakupa mwili wa taarifa: lengo la kanuni na sababu zake, kanuni itafanya nini, njia zingine za kufikia lengo hilo zikiwemo zile hazihitaji kanuni kabisa, gharama na faida za kila njia, sababu za kukataa hizo zingine, na drafti ya kanuni yenyewe. Na gharama hapo ni pamoja na za uchumi, mazingira, maisha ya watu, na zile za kusimamia na kutii kanuni. Fungua faili, weka hivyo vichwa, anza kujaza.

HATUA YA 2: Andika shida bila kutaja suluhisho

Drafti nyingi utakuta zimeandika "shida ni kwamba wafanyabiashara hawana maboksi ya barafu." Hiyo si shida, hilo ni suluhisho limewekwa mahali pa shida, na ukianza hivyo kila kitu kitakachofuata kitakuwa kimeshaamuliwa. Shida labda ni kwamba samaki wanaharibika wakiwa njiani. Sawa, samaki gani, wakitoka wapi wakienda wapi, wakikaa masaa mangapi kwa joto? Ngege (tilapia) aliyeshuka Dunga, ufuo wa ziwa hapa Kisumu, saa kumi na mbili asubuhi akauzwa soko la Kibuye mjini kabla ya saa nne si sawa na mbuta (sangara) aliyepakiwa ufuo wa Usenge kule Siaya jioni akielekea Nairobi usiku kucha. Ukiwaweka kapu moja umeshaharibu hesabu.

Hapa pia andika mambo yatakuwa aje kama serikali haitafanya kitu. Wafanyabiashara wengine tayari wananunua barafu kwa hiari yao, hao kanuni haiwaongezei gharama mpya na pia hauwezi kujisifu kwa faida yao.

HATUA YA 3: Njia zingine, kwa ukweli

Usiweke njia za kuangushwa tu, zile msomaji akiona anajua ziliwekwa zipigwe. Kwa mfano wetu mimi ningeweka nne: kuacha mambo yalivyo, kanuni kwa kila mtu, kanuni kwa safari ndefu peke yake, na kuwekeza kwa mashine ya barafu pale ufuoni ikisimamiwa na BMU, kile kikundi cha wavuvi na wauzaji kinachosimamia ufuo, bila kanuni yoyote. Kila moja ipigiwe hesabu na kalamu ile ile.

HATUA YA 4: Toka ofisini

Hii ndio hatua naitetea kuliko zote. Data ya kuanzia utapata, KNBS, shirika la takwimu la taifa, wako na takwimu zao, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, wako na kituo hapa Kisumu, BMU wako na rejista ya wanachama. Lakini hakuna rejista itakuambia mtu anaishi na kanuni yako aje siku nzima.

Nenda Dunga alfajiri wakati maboti yanaingia, usiite mkutano saa nne kwa ukumbi mjini ukitarajia mama samaki waje, saa hizo wako sokoni na samaki hangoji. Nenda na mtu anaongea Dholuo (Kijaluo) vizuri. Usiulize "unaunga mkono kanuni?" maana utajibiwa ndio kwa heshima tu. Muulize akuonyeshe vile anafanya, kutoka anapochagua samaki mpaka anapouza wa mwisho.

Utamuona anapanga samaki kwa beseni, anawafunika na gunia lililoloweshwa maji, anapanda matatu beseni likiwa kwa mapaja au chini ya siti. Sasa mwonyeshe picha ya lile boksi. Mama mzoefu hataanza na bei, swali lake litakuwa, "Na hili nitaliweka wapi kwa gari? Si konda atanilipisha siti nzima?" Hapo umepata gharama ambayo haiko kwa drafti, haiko kwa bajeti ya wizara, na utaona sasa hivi vile ni kubwa kuliko bei ya boksi lenyewe.

HATUA YA 5: Piga hesabu ya mtu mmoja kwanza

Kuna njia ilianzia Uholanzi na nchi nyingi zimeichukua, ni rahisi: gharama ya kitendo kimoja, mara kinafanywa mara ngapi kwa mwaka, mara watu wangapi. Muda nao ni pesa, uhesabu kwa kile mtu angepata kama angekuwa anauza.

Mama wetu wa mfano anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, yaani siku 312 kwa mwaka, na faida yake ni shilingi 600 kwa siku kwa masaa 8, kwa hivyo saa yake moja ni shilingi 75.

Boksi ni shilingi 3,000 na linakaa miaka 2, hiyo ni 1,500 kwa mwaka. Barafu ya 100 kila siku ni 31,200. Nauli ya boksi, 50 kila siku, ni 15,600. Dakika 20 za kupanga laini ya barafu ni shilingi 25 kwa siku, mwaka mzima 7,800. Jumlisha: 56,100.

Faida yake ya mwaka ni 187,200. Kanuni imekula karibu asilimia 30. Na mtu wa ofisini ambaye angehesabu boksi peke yake angeandika 1,500 na kusema "gharama ni ndogo, inavumilika."

Sasa ndio uzidishe. Kama ni wafanyabiashara 2,000 na robo yao tayari wanafanya hivyo, unabaki na 1,500, jumla shilingi 84,150,000 kwa mwaka. Ongeza gharama za serikali, maofisa wa kukagua, mafuta, fomu. Pia onyesha kando mwenye lori analipa kiasi gani kwa kila kilo ya samaki na mama wa beseni analipa kiasi gani, maana gharama isiyobadilika siku zote humlalia mdogo zaidi.

Ile 500 ya kibali iandike pia lakini isiingie kwa jumla ya hasara ya nchi. Hiyo ni pesa imetoka mfuko mmoja ikaenda mwingine. Kwa mama ni mzigo kweli, kwa hivyo weka safu yake, lakini siku anayopoteza akitafuta hicho kibali ndiyo hasara halisi na hiyo iingie.

HATUA YA 6: Faida, bila kupendelea

Tuseme mama alikuwa anapoteza shilingi 120 kwa siku kwa samaki waliolegea akauza bei ya kutupa, na barafu inaokoa nusu. Hiyo ni 60 kwa siku, 18,720 kwa mwaka. Iko, lakini haifiki 56,100. Inayobaki lazima ithibitishwe upande wa afya ya mlaji, na kwa safari ya kilomita chache Dunga hadi Kibuye hautapata ushahidi kirahisi. Kwa lori la usiku kwenda Nairobi ni hadithi nyingine, mzigo ni mkubwa, masaa ni mengi, na gharama ya barafu kwa kila kilo ni kidogo. Ukifika hapa njia ya tatu, kanuni kwa safari ndefu peke yake, imeanza kuonekana yenyewe, na ukiiunganisha na mashine ya barafu ufuoni inazidi kuwa na nguvu.

Faida zisizohesabika kwa pesa ziandike kwa maneno na useme nani anazipata. Amri ya rais Clinton ya 1993 kule Marekani, ambayo ndiyo imeongoza kazi hii kwao kwa miaka mingi, inakubali wazi kwamba kuna vitu ni vigumu kuvipa namba na bado ni muhimu.

Alafu rudia hesabu kama nusu tu ya watu watatii. Faida inashuka, lakini gharama za kukagua hazishuki.

HATUA YA 7: Tangaza watu wasikie

Kifungu cha 8 kinataka notisi kwenye Gazeti Rasmi la serikali na kwa gazeti ambalo wanaoathirika wanaweza kusoma, ikieleza taarifa inapatikana wapi na maoni yatumwe aje. Hiyo ni kiwango cha chini. Ongeza redio za Kijaluo, makundi ya WhatsApp ya BMU, na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye ile hesabu ya mama mmoja. Mahakama haichukulii hili kama mapambo, sheria ya fedha ya Kiambu ya 2013 ilifutwa na Mahakama Kuu 2014 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wewe katibu wa chama, kama taarifa imefichwa andika barua ya kuiomba chini ya sheria ya kupata habari ya 2016. Inaruhusu Kiswahili, na ofisi iko na siku 21 kukujibu. Kwa maoni yako usiandike "tunapinga" ukaishia hapo. Chukua mstari wao wa gharama, weka wako kando yake, onyesha nauli ya boksi.

Ofisa, maoni yakifika tengeneza jedwali: nani amesema nini, umebadilisha nini, na kama haukubadilisha ni kwa nini.

HATUA YA 8: Bunge

Kanuni ikishachapishwa, waziri ako na siku 7 za vikao kuifikisha bungeni, ikikosa kufika inapoteza nguvu. Kamati inayokagua sheria ndogo ina siku 28 na inaweza kupendekeza ifutwe. Chama kinaweza kuiandikia moja kwa moja, kwa hivyo tunza nakala ya memo yako yenye muhuri wa kupokelewa.

Na kanuni zenyewe hufa baada ya miaka 10 zisipoongezewa muda, muda ambao hauzidi miezi 12 na ni mara moja tu. Kwa hivyo kwa ukurasa wa mwisho wa taarifa andika ni namba zipi zitapimwa tena, na ofisi gani, mwaka gani, ukianza na bei ya barafu, nauli, na idadi ya wanaouza kwa beseni.