SOMO: Namna kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inavyokitambua kifaa cha USB, na pa kuangalia kinapogoma

Swali la "nimechomeka modemu, mbona haionekani?" limeulizwa mno, na mara zote muulizaji hasemi imekwamia hatua ipi. Naandika mara moja, na kuanzia leo nitakuwa nawaelekeza watu hapa.

Hatua ya 1. Fungua terminali, andika `sudo dmesg -w`, amri inayoonyesha taarifa za kerneli papo hapo, kisha ndipo uchomeke kifaa.

Hatua ya 2. Soma mstari wa kwanza unaojitokeza. Katika USB 2.0, kifaa kina kikinza cha omu 1,500 kinachopandisha volti ya mmojawapo wa nyaya mbili za data. Habu, yaani sehemu yenye matundu ya USB, ikiona volti imepanda huiarifu kerneli, nayo husubiri mguso utulie kwa takriban milisekunde 100 kabla ya kuendelea. Usipoona mstari wowote, usihangaike na draiva (programu ya kuendesha kifaa): badilisha waya au tundu, kwani nyaya nyingi za kuchajia simu hazina kabisa nyaya za data.

Hatua ya 3. Andika `lsusb` unakili namba za kifaa. Kerneli hukipa kifaa anwani kati ya 1 na 127, kisha hukisoma maelezo ya baiti 18 yenye namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. Makosa ya -71 au -110 hapa yana maana kwamba kifaa kimeonekana lakini hakijibu ipasavyo, na chanzo mara nyingi ni waya mbovu au umeme hafifu wa habu.

Hatua ya 4. Draiva. Kerneli hulinganisha namba hizo, pamoja na aina ya kazi ambayo kifaa kimejitangazia, na orodha za draiva zake. Draiva ikiwa bado haijapakiwa, hutuma taarifa kwa udev, programu inayosimamia vifaa, ambayo huiita moduli (faili ya draiva) inayofaa. Tatizo la modemu nyingi ni kwamba hujitambulisha kwanza kama diski ya CD ili Windows ipate programu ya kusakinisha, na kerneli, bila kosa lolote, huipa draiva ya diski. Programu ya usb_modeswitch ndiyo huiamuru ibadilike: modemu hujikata yenyewe na kurudi na namba nyingine, kwa mfano Huawei 12d1:1446 ikirudi kama 12d1:1001, ndipo draiva ya modemu iitwayo `option` inapoishika. Kwa hiyo usiichomoe unapoona neno "disconnect". Usiandike kanuni ya udev kwa namba ya kwanza, kwa sababu namba hiyo itatoweka. Na usiilazimishe draiva ya `option` ikubali namba ya diski: utaona ttyUSB0 (jina la mlango wa kuwasiliana na modemu) imetokea, ufurahi, kisha uitumie amri za AT, yaani amri za kuongoza modemu, zisizojibiwa hadi usiku wa manane.

Hatua ya 5. Kwenye Debian na Ubuntu, jiunge na kundi la dialout ili uruhusiwe kutumia milango kama ttyUSB0, kisha toka na uingie upya.

MASWALI

Fundi_Haraka: Mkuu, modemu haifanyi kazi, nisaidie upesi.

Jibu: Hatua ya 1. Bandika ulichokiona.

Fundi_Haraka: Hakuna kitu. Linux yenu ni mbovu.

Jibu: "Hakuna kitu" ni hatua ya 2, na imeandikwa. Toa huo waya wa kurefushia.

Binti_wa_Saketi: Ndugu mwandishi, ahsante kwa somo. Kadi ya PCI, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta, huijulishaje kerneli kwamba ipo?

Jibu: Umeuliza vyema, dada. Haijulishi, bali huulizwa. Kompyuta inapowaka, kerneli husoma namba ya mtengenezaji katika kila nafasi ya basi (njia ya data inayounganisha kadi), nafasi 32 kwa kila basi, na ikirudishiwa FFFF hujua kwamba nafasi hiyo ni tupu. Chipu nyingi za kwenye bodi kama Raspberry Pi haziwezi hata kuulizwa, hivyo orodha ya chipu hizo huandaliwa mapema na kukabidhiwa kerneli inapowaka.

Mzee_wa_Mita: Nina vigeuzi viwili vya USB kwenda mlango wa siri (serial), vyenye chipu ya CH340, vinavyobadilishana majina kila ninapowasha mashine.

Jibu: Shikamoo mzee. ttyUSB0 ni ya aliyetangulia kufika tu, na chipu hizo kwa kawaida hazina namba ya pekee ya kuzitofautisha. Tumia majina yaliyomo katika `/dev/serial/by-path`, yanayofuata tundu, kisha ubandike lebo juu ya kila tundu ili kijana wa zamu asivihamishe.